Pembe, Marufuku, Utetezi

Neno la Kifaransa "défense" lina maana tatu, na mtu wa Kasongo, mji wa Maniema mashariki mwa Kongo, anaweza kukutana nazo zote bila kutoka mjini. Likiwa limeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi, ni katazo: marufuku kukojoa hapa, marufuku kupita. Akilitamka hakimu mahakamani, ni utetezi: mshtakiwa asikilizwe, wakili wake asimame aseme. Na mtu huyo akifungua kitabu cha Kifaransa kinachosimulia habari za mji wake mwenyewe, atalikuta likiwa na maana ya tatu, ile iliyoujenga mji: pembe ya ndovu.

Maana ya Kasongo kwa dunia ya karne ya 19 ilikuwa pembe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, aliufanya mji huu kuwa makao yake katika miaka ya 1870. Kutoka hapa na kutoka Nyangwe, soko kubwa lililokuwa ukingoni mwa Lualaba, misafara ilipita Kabambare, ikavuka ziwa hadi Ujiji, ikaendelea Tabora na kuteremka pwani. Pembe zilibebwa mabegani mwa watu, na baadhi ya watu hao waliuzwa pamoja na mzigo waliobeba. Mwezi Machi 1893 majeshi ya Dola Huru la Kongo chini ya Francis Dhanis yaliichukua Nyangwe, na tarehe 22 Aprili mwaka huohuo yakaingia Kasongo. Sababu za vita vile zilikuwa nyingi, lakini swali la nani atazinunua pembe na zitatokea bahari gani lilikuwa karibu na moyo wa mambo. Baada ya hapo Kifaransa kikawa lugha ya ofisi, na "défense" ikaja nacho.

Maana hizo tatu zina asili moja, nayo ni kuzuia. Ndovu humzuia adui kwa pembe, wakili huizuia hukumu mbaya isimfikie mteja wake, na tangazo la ukutani humzuia mpita njia. Zamani zilikuwa jirani, sasa zimeachana mbali sana hata hakuna mfasiri anayezichanganya. Hali kadhalika "avocat", ambalo ni wakili na pia ni parachichi, tunda ambalo Wakongo wengi wa mashariki huliita avoka. Sijapata kusikia mtu aliyeomba tunda akaletewa mwanasheria.

Nimeanza na mfano usio na hatari ili hatari yenyewe ionekane vizuri. Watu wanaojifunza kutafsiri huogopa sana maneno yenye maana zilizotawanyika, na kamusi zinawalea katika hofu hiyo kwa kuzipa maana hizo namba: 1, 2, 3. Maana zilizo mbali hazina shida, sentensi yenyewe huzichambua. Shida iko kwa maana zinazopakana, zile ambazo zote mbili zinaingia katika sentensi bila kuivunja, kila moja ikimpa msikilizaji habari tofauti. Huko ndiko kazi ya kuchagua inakoanzia, na katika Kasongo na Kabambare kazi hiyo inagusa ardhi, dhahabu na uhuru wa mtu.

Hakuna lugha iliyogawa dunia sawasawa na jirani yake. Kiingereza kina "time" moja, na Mhispania akitaka kuitafsiri ni lazima aamue kati ya "hora", "vez" na "tiempo". Sisi tungemwelewa haraka, maana tunaamua vilevile: saa ngapi, mara ngapi, wakati gani. Lakini Mhispania huyohuyo humwita samaki "pez" akiwa hai majini na "pescado" akishavuliwa na kufika sokoni, na hapo sisi hatuna cha kumjibu. Wa Lualaba ni samaki, na wa chunguni ni samaki. Kwa upande wetu, "pembe" ni ya mbuzi, ya ndovu, ya nyumba na ya meza, na Mhispania atatumia maneno manne tofauti kuyataja hayo, kwa kuwa hata kona ya nje ya nyumba na kona ya ndani kwake si jina moja. Kila lugha ina mahali inapokunja na mahali inapokunjua. Mfasiri anayejua lugha yake inakunja wapi ameshapata nusu ya kazi.

Kiswahili cha Kasongo kimekunjua mambo ya haki, mali na mikataba kuliko wageni wengi wanavyotarajia, na sababu ni ya kihistoria. Watu waliokuja na misafara walikuja na maneno yaliyotumika madukani na barazani Zanzibar: haki, sheria, wakili, hakimu, dhamana, deni, rehani, ushuru, shahidi. Uislamu ulibaki Kasongo baada ya vita, na vyuo vya Kurani vikayatunza maneno hayo. Wenyeji wa Kongo mashariki wenyewe husema kwamba Kiswahili cha Kasongo kiko karibu na cha pwani kuliko cha Bukavu au cha Lubumbashi. Wako wanaokiita Kingwana, jina lililotokana na waungwana, na wako wasiolipenda jina hilo. Vyovyote kiitwavyo, ghala la maneno lipo, na huhitaji kukopa "droit" kutoka Kifaransa kwa sababu ya uhaba.

Waliokuja na Kifaransa hawakulitazama ghala hilo kwa makini. Charles Lemaire, ofisa wa Dola Huru la Kongo, alichapisha Brussels mwaka 1894 kitabu cha msamiati kilichopanga Kifaransa pamoja na Kiingereza, Kiswahili cha Unguja na lugha kadhaa za Kongo. Kitabu cha namna hiyo humfaa mtu anayetaka maji, mitumbwi na wapagazi. Kinamfundisha vilevile kwamba kila neno la Kifaransa lina mwenzake mmoja upande wa pili, na mazoea hayo hayajafa. Mpaka leo utamwona karani mwenye akili nyingi anatafsiri tangazo kwa kushika neno la kwanza lililomjia, kana kwamba kuna safu mbili mbele yake. Padri Charles Sacleux, aliyeishi pwani miaka mingi, alikwenda njia nyingine. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka Paris mwaka 1939, inalifuata neno katika lahaja zake na katika matumizi yake, na ndiyo maana watafiti bado wanaifungua.

Sasa tulichukue "droit". Katika umoja na likisimama lenyewe, "le droit", ni sheria kama mfumo, kama somo la chuo kikuu. Likifuatwa na kitu ambacho mtu anastahili, kupiga kura, kusoma, kutibiwa, ni haki. Na likiwa katika wingi karibu na kitenzi cha kulipa, mpakani au forodhani, ni ushuru. Haki, sheria, ushuru: Kiswahili kina maneno matatu imara, yote kutoka Kiarabu, na la tatu linabeba ndani yake fungu la kumi.

Katiba ya Kongo iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006 ina sehemu nzima juu ya "droits humains". Katika jina la sehemu hiyo, waliokiandika Kifaransa chake waliiacha ile "droits de l'homme" ya Tamko la 1948, ambamo "homme" ni mtu na pia ni mwanamume. Mfasiri wa Kiswahili hana mashaka hapo, kwa kuwa binadamu ni mwanamke na ni mwanamume, na hakuna anayesikia jinsia ndani yake, japokuwa "bin" kwa asili ni mwana wa kiume. Hapo tumewatangulia.

Kinachonipa kazi ni "État de droit", maneno ambayo tangu 2019 yamejaa katika redio na hotuba za Kinshasa. Wapo wanaosema utawala wa sheria, wapo wanaosema utawala wa haki. Yote mawili yananisumbua. Babu na bibi wa watu wa Maniema waliijua sheria kwa mgongo. Sheria ya mwaka 1917 iliwaruhusu watawala kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao waliyopangiwa, hadi siku 60 kwa mwaka, na pamba ikaenea kusini mwa Maniema kwa njia hiyo, fimbo ikiwa karibu. Ukimwambia mjukuu wa mkulima yule kwamba sasa nchi itatawaliwa na sheria, hujamwahidi kitu asichokijua. Utawala wa haki nao unaahidi zaidi ya Kifaransa chenyewe, kwa maana hakuna dola linaloweza kudai kwamba kila hukumu yake ni ya haki. Maana ya maneno yale ni kwamba mkubwa naye amefungwa na sheria iliyomfunga mdogo. Basi naona yafaa kusema hivyo waziwazi: dola lililo chini ya sheria. Ni maneno matano badala ya matatu, lakini yanaonyesha nani yuko chini ya nini, na hilo ndilo mkulima anataka kujua.

Nani anamfanya nani nini: hilo ndilo swali langu la kwanza kwa kila neno lenye maana zinazopakana. Halihitaji kamusi. Mtendaji ni nani, anayetendewa ni nani, na baada ya tendo nani kabaki na nini. Ukishajibu, mara nyingi neno la Kiswahili linajitaja lenyewe, na lisipojitaja, umegundua kwamba sentensi ya Kifaransa ilikuwa inaficha jambo.

Hakuna mahali ninapoliona hili wazi kama Kabambare. Huko, katika eneo la Salamabila, kuna dhahabu ya Namoya. Kampuni ya Kanada, Banro, ilitangaza kuanza uzalishaji wa kibiashara katika mgodi huo mwezi Januari 2016, na mwaka 2019 kazi ikasimama kwa sababu ya usalama mbovu. Kabla yake, wakati wake na baada yake, maelfu ya watu wamechimba kwa mikono, kwa sururu na karai, na kila shimo lina mkubwa wake ambaye vijana wa mashimoni humwita PDG. Penye dhahabu pana karatasi, na katika kila karatasi kuna neno "exploitation".

"Exploitation" ya mgodi ni uchimbaji. Ya msitu ni uvunaji. Ya shamba ni kilimo, na ya reli ni uendeshaji. Ya mtu ni unyonyaji. Kifaransa kinaruhusu maana hizi zote kulala kitanda kimoja, na Kiingereza na Kihispania vinafanya vivyo hivyo: "explotación" ya Kihispania ni ya madini na ni ya watoto. Ofisa anaweza kusoma kwa sauti, "l'exploitation de l'or de Namoya par une société étrangère", na sentensi yake ikawa safi, haijaegemea upande wowote. Kiswahili hakimpi mfasiri nafasi hiyo. Akisema uchimbaji wa dhahabu ya Namoya unaofanywa na kampuni ya kigeni, ametaja kazi. Akisema unyonyaji, ametoa hukumu. Waliokaa kwenye viti vya mbele na waliosimama nyuma ya mlango watasikia tofauti mara moja, na mkutano unaweza kugeuka kwa neno hilo tu.

Swali la nani anatendewa nini linasaidia. Kinachotendewa katika sentensi ile ni dhahabu, na dhahabu hainyonywi. Ni uchimbaji. Mfasiri asiongeze hasira ambayo mwandishi hakuiweka. Lakini sentensi ikigeuka na kutaja "exploitation des enfants dans les mines", anayetendewa ni mtoto, na kusema "uchimbaji wa watoto" ni upuuzi, na "kazi za watoto" ni kulainisha. Hapo ni kuwanyonya na kuwatumikisha watoto migodini, na mfasiri asitafute neno la upole.

Kuna pahala pagumu zaidi. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa uliunda jopo la wataalamu wa kuchunguza "exploitation illégale" ya maliasili za Kongo, na ripoti zake zikatoka 2001, 2002 na 2003. Jopo lilizungumzia dhahabu na koltani, pia mbao, kahawa na pembe za ndovu. Uchimbaji haramu unaacha mbao nje. Uporaji unafaa kwa baadhi ya matukio tu, kwa kuwa vitu vingine viliuzwa na kununuliwa kwa risiti. Mimi ningechukua uvunaji haramu, kwa sababu kuvuna kunabeba mti, buni na madini kwa pamoja, na kunamwacha msomaji na swali linalostahili kuulizwa: nani alivuna asichopanda?

"Concession" ni mwenzake "exploitation". Mezani kwenye majadiliano ni kulegeza msimamo. Mtaani Kasongo, kama kwingineko Kongo, konsesion ni kiwanja chenye mipaka, uwanja wa misheni au wa nyumba ya mtu. Katika sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, inayosema kwamba ardhi ni mali ya Serikali peke yake, "concession" ni mkataba ambao Serikali inampa mtu kuitumia ardhi kwa masharti. Fikiria sasa kijiji kinachoambiwa kwamba kampuni imepewa konsesion. Wanasikia kiwanja: ardhi imekwenda, imezungushiwa mpaka, ina mwenyewe mpya. Sheria inasema kitu kingine. Kibali cha uchimbaji kina mwisho. Kilikuwa cha miaka 30 chini ya sheria ya madini ya 2002, na marekebisho ya tarehe 9 Machi 2018 yakakishusha hadi miaka 25. Ukitafsiri "kibali cha kutumia ardhi, chenye mwisho wake", kijana wa miaka 20 anaweza kupiga hesabu ya umri atakaokuwa nao kibali kitakapokwisha, akajua la kuuliza.

Kisha kuna "société". Kampuni ni "société", na jamii ni "société". Katika mkutano mmoja Salamabila unaweza kuwa na "société minière" upande huu na "société civile" upande ule, na mtu asiyejua Kifaransa akadhani ni ndugu wa tumbo moja. Watu wengi wamekwishazoea kusema sosiete sivile kwa ujumla wake, na sioni sababu ya kuwanyang'anya. Ila neno likisimama peke yake, mfasiri asimame nalo. "Les intérêts de la société" ni faida ya kampuni au ni maslahi ya jamii? Nimeona kwamba wasemaji wenyewe hawapendi kuulizwa swali hili hadharani. Mfasiri aulize.

Sheria ile ya 2018 inamtaka mwenye mgodi aafikiane na wenyeji juu ya "cahier des charges", na atenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii. "Charge" ni mzigo, ni gharama, ni shtaka, ni jukumu. Daftari la mizigo halimwambii mtu kitu, na likimwambia, linamwambia kwamba mzigo ni wa kijiji. Hati ya majukumu ni bora, lakini bado haina mwenyewe. Hati ya majukumu ya kampuni kwa wenyeji: sasa kila mtu anajua nani anadaiwa shule, maji, barabara na kituo cha afya. Kifaransa kiliacha jina la mdaiwa nje kwa sababu wanasheria wanalijua. Mama anayechota maji Salamabila si mwanasheria, na hati ile imeandikwa kwa ajili yake.

Safari ya kurudi, kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa, ina mitego yake, na hospitali imeijua zamani. Mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp ilianza na Wakongo mradi wa afya ya msingi hapa Kasongo, ukawa mfano uliofundishwa nchi nyingi, na utafiti wake juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto ulichapishwa London katika jarida la Lancet mwaka 1981. Kazi ya namna hiyo inasimama juu ya maneno ya mama. Mama akisema mtoto ana homa, huenda anataja joto la mwili, huenda anataja malaria kwa jina. Mgonjwa akisema tumbo, ni tumbo la chakula au la uzazi. Hapa lugha iliyokunja ni yetu, na muuguzi mwema hakimbilii kuandika "fièvre" au "paludisme" kabla ya kuuliza tena.

Katiba inaitaka Serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, ndani ya siku 60 tangu itangazwe. Kifungu cha 18 kinasema mtu akikamatwa aelezwe sababu papo hapo, kwa lugha anayoielewa. Hayo ni matakwa makubwa, na yanatua mabegani mwa watu wachache: karani wa mahakama, mtangazaji wa redio, mwalimu aliyeombwa msaada na chifu. Wengi wao hawajawahi kulipwa kama wafasiri, wala kuitwa hivyo. Wakipewa muda wa kuulizana, wanachagua vizuri kuliko kamusi yoyote niliyonayo.

Wana neno moja la kuamua ambalo bado halijatulia. Sheria ya madini inazungumzia jamii "affectées" na mradi. Mtumishi wa serikali akiwa "affecté" Kasongo, amepangiwa kazi Kasongo, hilo ni jepesi. Jamii ikiwa "affectée", wengi hutafsiri jamii iliyoathirika. Lakini kuathirika kwa Kiswahili ni kupata madhara. Kijiji ambacho mto wake bado haujachafuka na mashamba yake bado hayajachukuliwa kitaambiwa hakijaathirika, kisubiri, na majadiliano ya majukumu yatafanyika bila chenyewe. Mimi ningeandika jamii zinazoguswa na mradi. Kuguswa kunaanza siku ramani ya kibali inapopita juu ya kijiji, kabla mashine ya kwanza haijafika.